Alama Kabla ya Hodi

Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa na shida ya samaki tu. Walitaka tujue kwamba kila kitu kina saa yake ya kukubali kuelekezwa, na saa hiyo haingoji mtu. Mtoto hufunzwa adabu angali mtoto, mche hunyooshwa ungali mche, na mfanyakazi husahihishwa angali mgeni kazini. Ukichelewa, ama utashindwa, ama utavunja. Wako wanaodhani methali hii imechakaa, eti ni ya watu wa nyavu na majiko ya kuni, haina nafasi katika dunia ya kompyuta. Hao wavute kiti wasikilize habari ya binti mmoja, kisanduku kimoja na mnara wa simu, kisha waamue wenyewe.

Binti huyo alikuwa fundi wa programu za kompyuta, na wenzake kazini walikuwa wamembandika jina la Baadaye. Hawakumwonea. Kikombe chake cha chai kikikaa mezani tangu jana, angesema atakiosha baadaye. Programu yake ikiwa na kasoro, angesema ilimradi inafanya kazi, kasoro ataiondoa baadaye. Na kwa kuwa alijaliwa akili nyepesi na vidole vyepesi zaidi, mambo yake mengi yalimwendea sawa hata kabla hiyo baadaye haijafika. Hiyo ndiyo hatari ya kipaji, humfichia mtu uvivu wake mpaka siku ya siku.

Alikuwa kitinda mimba. Mama yao aliaga dunia yeye akiwa hajang'oa hata jino la kwanza la utoto, akalelewa na wanawake wawili: dada yake, aliyemzidi umri kwa mbali, na mama yao mdogo, nesi wa gari la wagonjwa, mwanamke asiye na maneno mengi. Dada ndiye aliyemdekeza. Alimfunga kamba za viatu hata alipokuwa mkubwa wa kujifunga mwenyewe, alimwombea msamaha kwa walimu, alimfichia makosa. Mama mdogo alitazama hayo akatikisa kichwa. "Unamwacha akauke huyu," alikuwa akimwambia dada mtu. Dada alicheka tu, kwa maana alimpenda mdogo wake kuliko macho yake.

Sasa dada huyo alikuwa mjamzito, baada ya kungoja mtoto hadi majirani wakachoka kuuliza. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikuja peke yake. Miguu ilimvimba, presha ikawa inapanda na kushuka, na daktari akasema wazi kwamba ikiruka ghafla wakati wa uchungu, roho mbili zitakuwa hatarini kwa pamoja. Alipangiwa kulazwa hospitali kuu wiki ya mwisho. Uchungu ukimwanza mapema, itabidi achukuliwe na gari la wagonjwa kutoka zahanati ya mtaani kwake, ng'ambo ya mto, wavuke daraja, wapite katikati ya soko, wapenye foleni ya magari. Mumewe alikuwa kazini mbali. Na gari la wagonjwa la upande ule lilikuwa moja tu, lile la mama mdogo.

Kwa hiyo Baadaye aliposikia kwamba karakana yao inatengeneza kisanduku cha gari hilohilo, aliiomba kazi hiyo kwa mikono miwili.

Karakana yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la kutengeneza cherehani. Ilikuwa na meza mbili ndefu zilizojaa nyaya, dirisha moja linalotazama mapaa ya mabati, na feni iliyokuwa ikigeuka upande mmoja tu, ikigoma kugeukia ule wa pili. Kisanduku kilikuwa na ukubwa wa mkate wa dukani. Kilifungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa ndani wa gari, kikachukua vipimo vya mgonjwa, yaani presha yake, mapigo ya moyo wake na ya mtoto aliye tumboni, na kuvirusha kwa njia ya simu hadi kwenye skrini ya daktari. Hivyo daktari aliweza kumwona mgonjwa kabla hajafika, akamwambia nesi afanye nini, na chumba cha upasuaji kikaandaliwa mapema.

Kisanduku kilikuwa na laini moja ya simu, lakini kampuni ya simu ilikubali kukitengea njia mbili hewani. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, wanamopita watu wote na video zao na salamu zao. Ya pili ilikuwa ya dharura, nyembamba lakini haina msongamano. Vipimo vya mgonjwa vilitakiwa vipite njia ya dharura. Picha za kamera ya garini, ramani na makorokoro mengine vipite na umma. Je, mnara utajuaje muunganisho upi ni wa aina gani? Kwa alama. Kila muunganisho huanzia kwenye kijimlango ndani ya programu, mafundi hukiita soketi, na kijimlango hicho kina swichi zake ndogondogo. Ziko swichi zinazojulikana na mafundi wote, na ziko ambazo watu hujitungia kwa haja zao. Karakana ilitunga ya kwake. Ukiibonyeza hivi, muunganisho unavaa alama ya dharura; ukiibonyeza vile, unavaa alama ya kawaida. Kuandika sehemu hiyo ndiyo kazi aliyopewa Baadaye, naye aliimaliza mapema hata wenzake wakapiga makofi.

Lakini karakana ile ilikuwa na desturi yake. Hakuna programu iliyotoka mlangoni kabla mwandishi wake hajasimama mbele ya wenzake akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, akieleza kila mstari unafanya nini na unafanya lini. Aliyeianzisha ni fundi mkuu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Msomaji akipita haraka mahali, fundi mkuu alikuwa akisema neno moja tu: "Rudia." Wakamwita Rudia, naye akaitika bila kinyongo. Wengine walilalamika kwamba huko ni kuwafanya watoto wa darasa la kwanza. Baadaye ndiye aliyelalamika kuliko wote.

Basi bahati, au tuseme mkosi, siku ambayo Baadaye alipaswa kusimama, fundi mkuu alikuwa nyumbani na homa. Gari la wagonjwa lilikuwa nje linangoja. Kisanduku kilijaribiwa mezani, kila kitu kikapita kama maji. Baadaye akakibeba, akashuka nacho ngazi. "Nitasoma akirudi," aliwaambia wenzake. Nao, kwa kuwa walimwogopa kidogo kwa ule wepesi wake, wakanyamaza.

Kesho yake walikwenda kukijaribu barabarani. Mama mdogo hakutaka mgonjwa wa kuigiza kutoka kwingine.

"Panda wewe," alimwambia Baadaye. "Mpishi naye aonje."

Baadaye akalala kwenye kitanda cha gari, akafungwa vipimo mkononi na kidoleni. Walipovuka daraja kila kitu kilikuwa sawa. Karibu na soko mama mdogo akamwomba dereva asimame kando. Akamshusha binti wa dada yake, akamwamuru alizunguke gari mbio mpaka amwambie basi. Wapita njia walicheka. Baadaye akarudi kitandani anahema, jasho linamtiririka, gari likaingia sokoni. Mama mdogo akamshika mkono, macho kwenye saa, simu sikioni.

"Daktari, unamwonaje mgonjwa wangu huko?"

Sauti ya daktari ilisikika vizuri. "Ametulia kabisa. Mapigo sabini na mbili."

Mama mdogo akamtazama mgonjwa wake aliyekuwa anahema kama mvukuto wa mhunzi. "Mimi hapa nahesabu mia na thelathini," akasema. "Unamtazama yule aliyekuwa darajani, daktari. Huyu wa sokoni hujamwona bado." Kisha akakata simu.

"Ni mtandao," Baadaye alijitetea akivua vipimo. "Watu wamejaa sokoni, kila mmoja na simu yake. Minara imeelemewa. Programu yangu ni nzima."

"Si uliniambia mnayo njia yenu ya pembeni?"

"Ipo."

"Basi mbona tumekwama pamoja na wauza vitunguu?"

"Nitaangalia, mama mdogo. Kitumike hivyohivyo kwanza, nitarekebisha baadaye."

Mama mdogo alikuwa anakunja nyaya. Aliziweka chini akamgeukia. "Dada yako hana baadaye," alisema, na hakupaza sauti hata kidogo.

Maneno hayo yalimchoma. Alirudi karakana uso umemsawijika, akaketi kwenye kompyuta, akafanya wanachofanya werevu wote wasiotaka kurudi mwanzo: akaanza kuweka viraka. Kama alama haionekani, alijiambia, basi nitaiweka mara nyingi. Akaandika programu iubandike ule muunganisho alama ya dharura kila sekunde, bila kuchoka. Kila ilipobandikwa, kompyuta ilimjibu kwamba sawa, imewekwa. Akawasha kamera tatu kwa mpigo kwenye kisanduku cha majaribio kilichobaki mezani, ili kuleta msongamano wa kutosha. Vipimo vikakwama vilevile. Akapunguza ukubwa wa picha. Vikakwama. Alishinda hivyo siku nzima, na kila "sawa" aliyojibiwa ilimzidishia hasira, maana ni vigumu kugombana na anayekukubalia kila kitu.

Siku iliyofuata fundi mkuu alirudi, sauti bado imekauka kwa homa. Alisikia yote. Hakufoka. Alisogeza kiti chake karibu na dirisha, akafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Simama usome," alisema.

"Fundi, hapa hatuna wakati wa kusoma. Dada yangu..."

"Najua habari za dada yako. Simama usome."

Akasimama. Wenzake wakaacha walichokuwa wakifanya. Alianza haraka, kwa sauti ya mtu anayemaliza adhabu.

"Hapa nafungua soketi. Hapa nabisha hodi kwenye mnara. Hapa mnara unatazama alama yangu, unanichagulia njia ya kupita. Hapa napokewa. Hapa naweka alama ya dharura. Hapa naanza kutuma..."

"Rudia."

"Nafungua soketi. Nabisha hodi. Mnara unatazama alama. Napokewa. Naweka..." Sauti ikamkatikia. Alibaki kidole kimegusa skrini, damu imempanda usoni. Chumba kizima kilikuwa kimeshaelewa, na yeye alikuwa wa mwisho kujisikia.

"Mnara unatazama alama wakati gani?" fundi mkuu aliuliza taratibu.

"Wakati wa kubisha hodi."

"Na wewe unaiweka lini?"

"Nikishaingia ndani."

"Basi ulipobisha hodi hukuwa na alama yoyote. Ukapelekwa kwenye njia ya watu wote, na huko ndiko uliko mpaka leo."

"Lakini kila nilipoiweka ilinijibu sawa."

"Ilikujibu kweli. Alama imewekwa, hakuna uongo hapo. Hukuuliza kama bado kuna anayeitazama."

"Na nilipoirudia kila sekunde?"

"Hapo ulikuwa unamkunja samaki aliyekauka. Hakunjiki, nawe unaongeza nguvu tu."

Mmoja wa wenzake aliguna, akajifanya anakohoa. Baadaye alitamani sakafu ipasuke, aangukie huko chini kwenye cherehani. Hata hivyo akajikaza, akanyoosha mkono kwenye kibodi. "Ni mistari miwili tu. Naisogeza juu, imekwisha."

"Haijakwisha," fundi mkuu alisema. "Mistari miwili ni kosa dogo, hata mimi hulifanya. Kubwa ni kwamba kisanduku kilitoka mlangoni humu hakijasomwa, kikaenda kufungwa mahali watu wanapolala wakiwa hawajiwezi. Nikiwa na huruma ya kijinga nitakusogezea mistari hiyo mwenyewe, uende nyumbani ukapumzike. Siigusi. Utaisogeza wewe, kisha utasoma programu yote tangu mstari wa kwanza, mbele ya hawahawa. Na kila mahali ulipojiambia baadaye, utaparekebisha leo."

Baadaye alimchukia mtu yule, hakuna haja ya kuficha. Alimchukia kwa kumsimamisha kama mtoto, kwa utulivu wake, na hata kwa ile miwani yenye uzi. Machozi yalimlengalenga, akayameza. Alisogeza mistari, akasoma. Akapita haraka mahali, akaambiwa arudie, akarudia. Alipofika katikati alikuta kasoro nyingine aliyokuwa ameificha, akairekebisha bila kuulizwa. Kidogokidogo hasira ikaanza kumtoka, pakaingia kitu kingine, namna ya usafi, kama mtu anayefagia chumba na kuanza kuiona sakafu yake. Alipomaliza, kamera tatu ziliwashwa tena. Picha zikakwama. Vipimo vikapita.

Wenzake wakapumua. Alasiri ilikuwa imeingia. Baadaye akairusha programu mpya hewani hadi kwenye kisanduku kilichokuwa garini, kikajibu kwamba kimeipokea. Fundi mkuu, aliyekuwa bado na mabaki ya homa, akaaga akaenda zake. Baadaye naye akachukua mkoba.

Alifika katikati ya ngazi akasimama. Muunganisho ule wa garini ulifunguliwa asubuhi, gari lilipowashwa, na kisanduku hakikuwa kimeufunga tangu hapo. Kilitengenezwa hivyo makusudi, kikamate muunganisho mmoja kisiuachie. Programu mpya imefika, lakini muunganisho ni uleule wa zamani, ulioingia bila alama. Hauwezi kubadilika ukiwa wazi. Sharti ufungwe, ubishe hodi upya.

Kesho asubuhi gari likizimwa kwa usafi, kisanduku nacho kitazimwa, mambo yatajirekebisha yenyewe. Miguu ilikuwa inamuuma. Hakuna aliyekuwa anamwona pale ngazini, na lile neno lake la siku zote lilikuwa limeshamfika ulimini. Alilisikia likija, akaona haya. Akashuka akatafuta pikipiki ya kumpeleka kituo cha magari ya wagonjwa.

Mama mdogo alimkuta amepiga magoti ndani ya gari, anazima kisanduku na kukiwasha tena.

"Umerudi?" 

"Nimerudi, mama mdogo. Kosa lilikuwa langu. Mtandao haukuwa na kosa." Akamweleza yote, bila kupunguza wala kujipendelea. Kisha akafunga vipimo mkononi mwake mwenyewe, akashuka, akalizunguka gari mbio bila kuamriwa na mtu. Mama mdogo akapiga simu kwa daktari, kamera ikiwa inafanya kazi. Namba aliyoisoma daktari ilikuwa ndiyo ileile iliyokuwa inadunda chini ya vidole vya nesi.

Mama mdogo hakumsifu. Alimfuta jasho la kipaji cha uso kwa ncha ya kanga yake. "Maji unakunywa?" alimuuliza, na Baadaye akajua kwamba amesamehewa.

Asubuhi iliyofuata, soko likiwa limefurika, simu ya Baadaye ililia. "Dada yako uchungu umemwanza," mama mdogo alisema. "Tumempakia. Nenda kwa daktari." Akakata.

Baadaye hakukumbuka kamwe alifikaje hospitali. Alijikuta amesimama nyuma ya kiti cha daktari, mikono ameikunja kifuani. Kwenye skrini aliiona picha ya ndani ya gari: dada yake amelala ubavu, mama mdogo ameinama juu yake. Chini ya picha palikuwa na namba. Gari likavuka daraja. Likaingia sokoni. Picha ikaganda, mkono wa mama mdogo ukabaki umeinuliwa hewani kama wa sanamu.

"Imekwama," daktari alisema.

"Picha ndiyo iliyokwama, daktari," Baadaye alimjibu. "Tazama namba."

Namba zilikuwa zinatembea. Picha ilikaa vilevile, mkono uleule juu, lakini chini yake namba zilibadilika na kubadilika tena. Na ghafla ile ya presha ikapanda, ikapanda tena, hadi mahali ambapo hata asiye daktari angejua si pazuri. Daktari alishaichukua simu. "Nesi, presha inaruka. Mchome sindano ya kuzuia kifafa cha mimba sasa hivi, usingoje kufika." Kwa mkono wa pili alikuwa ameshaashiria chumba cha upasuaji kifunguliwe. Baadaye alisikia sauti ya mama mdogo kwenye simu ikisema ameshachoma. Alitazama namba ya moyo wa mtoto, ile ndogo ya pembeni, ikipungua kisha ikisita kisha ikirudi juu. Aliomba kwa maneno aliyofundishwa na dada yake walipokuwa wakilala kitanda kimoja.

Gari lilipofika, milango ilikuwa wazi na watu wanangoja. Dada aliingizwa moja kwa moja. Mama mdogo aliketi kwenye benchi la koridoni, akamshika Baadaye mkono, wakangoja. Mlango ulipofunguliwa, walisikia kilio kabla hawajamwona mtu. Alikuwa mtoto wa kiume, mdogo lakini mwenye mapafu ya kutosha kugombeza hospitali nzima. Mama yake alikuwa salama.

Daktari alitoka akivua glovu. "Zile namba zingechelewa hata kidogo," alimwambia mama mdogo, "ningekuwa natazama mwanamke mzima kwenye skrini huku wewe una mgonjwa wa kifafa mikononi." Baadaye alisikia. Akageukia ukuta, akalia, na safari hii hakuyameza machozi.

Dada alipozinduka alimwita mdogo wake karibu. "Mama mdogo ameniambia," alisema kwa sauti dhaifu. "Asante, mdogo wangu."

"Usinishukuru mimi, dada. Ungejua jinsi nilivyokuwa karibu kukuua."

"Ameniambia na hilo." Dada akatabasamu. "Mimi ndiye niliyekufunga viatu siku zote. Mshukuru aliyekataa kukufunga viatu."

Basi akaenda. Alipanda ngazi za karakana, akamkuta fundi mkuu peke yake anahangaika na ile feni. Akamsalimia, akasimama mbele yake.

"Nimekuja kushukuru," alisema.

"Nimesikia, wamepona. Tumshukuru Mungu. Na nesi yule ana mikono mizuri."

"Wote nimewashukuru. Umebaki wewe. Siku ile nilikuchukia, fundi."

"Niliona."

"Mbona hukunionea huruma?"

Fundi mkuu aliiacha feni. "Nilikuonea, ndiyo sababu nikakusimamisha. Wapo niliowahi kufanya nao kazi, wamekaa miaka, wana sifa zao na kiburi chao. Hao siwasimamishi tena. Nangoja waondoke, nawarekebishia kimyakimya. Nikijaribu kumkunja mmoja wao atavunjika, nami sina raha ya kuvunja watu. Wewe ulikuwa hujafika huko. Lakini ulikuwa unakwenda, tena kwa kasi."

Baadaye alitaka kusema mengi. Alitaka kumweleza kilio kile cha koridoni, na namba ile ndogo iliyosita ikarudi. Katika yote hayo likatoka moja tu.

"Asante kwa kutoningoja nikauke," alisema.

Leo ng'ambo ya mto yuko mtoto anayetambaa na kuvuta nyaya za watu, na mama yake yuko nyuma yake anamkataza, mapema, angali anasikia. Wote wawili wanaishi kwa sababu muunganisho mmoja ulivaa alama yake kabla ya kubisha hodi, na kwa sababu binti mmoja alipata mtu wa kumrudi kabla moyo wake haujawa mgumu. Anayesema methali imechakaa na aende akambebe mtoto huyo, amsikilize anavyopumua: samaki mkunje angali mbichi.